Kabla hujaomba kaveati iondolewe, jina lako liko wapi?

Tangu bomba la mafuta la kutoka Hoima lianze kuielekea Chongoleani, na tangu kina cha gati la bandari ya Tanga kiongezwe hadi mita 13, familia nyingi za Ngamiani, Chumbageni na Raskazone zimekumbuka kwamba zina hati mahali fulani, chini ya godoro au ndani ya kasha la bibi. Dalali anakuja na mnunuzi, mnunuzi anataka upekuzi rasmi kwanza, yaani aone daftari la ardhi linasema nini, na jibu la upekuzi linarudi na mstari mmoja ambao wenye nyumba hawakuutarajia: kuna kaveati, yaani taarifa ya mtu anayedai maslahi kwenye ardhi hiyo, inayozuia isihamishwe. Hapo biashara inasimama, simu zinaanza kupigwa, na kwenye vijiwe vya kahawa hukumu imeshatoka kabla ya mtu yeyote kwenda mahakamani. Aliyeweka kaveati ni mkorofi, wanasema, na kwa kuwa yeye ndiye anayedai, basi yeye ndiye athibitishe. Mwenye nyumba atathibitisha nini tena, na nyumba ni yake?

Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowatoa watu mahakamani wakiwa hawajasikilizwa. Anayeomba kaveati iondolewe ndiye anayeulizwa swali la kwanza, nalo halihusu kaveati hata kidogo. Anaulizwa: wewe ni nani kwenye ardhi hii? Na jibu linalotakiwa si nani kajenga, nani kaishi, nani kalipa. Ni jina la nani limeandikwa kwenye daftari la Msajili wa Hati. Naona utaratibu huo ni sahihi, ingawa najua unawaumiza baadhi ya watu ambao hawakustahili kuumizwa, na kwamba wengi wanaoulalamikia wanalalamikia kitu kisichokuwa chenyewe.

Tuanze na kitu chenyewe. Kaveati ni zao la Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, iliyotungwa mwaka 1953 na bado ndiyo inayotawala daftari la ardhi Tanzania Bara. Kifungu cha 78 kinampa mtu yeyote anayedai kuwa na maslahi katika ardhi iliyosajiliwa nafasi ya kuwasilisha kaveati kwa fomu maalumu. Msajili akiipokea anaiingiza kwenye daftari na kumjulisha mmiliki, na tangu hapo uhamisho au rehani ya huyo mmiliki inakwama mezani. Hakuna hakimu aliyekaa, hakuna shahidi aliyeapishwa. Ni kama mtu aliyeweka kiti mlangoni akasema, subirini kwanza, mimi pia nina neno. Kiswahili chetu kimechangia kuwachanganya watu hapa, kwa sababu tunaiita kaveati "zuio", na amri ya mahakama ya kusimamisha ujenzi au uuzaji nayo tunaiita "zuio". Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakisema "mahakama imeizuia nyumba ya fulani" wakati kilichotokea ni fomu iliyogongwa muhuri dirishani. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama zetu, jambo jema, lakini tungeanza kwa kuliita kila jambo kwa jina lake.

Sasa njia ya kuiondoa. Aliyeiweka anaweza kuitoa mwenyewe, na hiyo ndiyo njia fupi na rahisi kuliko zote kama watu bado wanasalimiana. Akikataa, kifungu kidogo cha nne kinaipa Mahakama Kuu mamlaka ya kumwita aje aeleze kwa nini kaveati yake isiondolewe. Wengi wanaposoma hapo wanafurahi: si unaona, anaitwa yeye ajieleze! Lakini sentensi ina maneno mengine yaliyotangulia. Mahakama inamwita kwa maombi ya mmiliki wa haki au maslahi yaliyoguswa. Na neno "mmiliki" halikuachwa lielee ili kila mtu alivute kwake. Sheria hiyohiyo, kwenye kifungu cha tafsiri, inasema mmiliki ni mtu ambaye kwa wakati huo haki au maslahi hayo yamesajiliwa kwa jina lake. Kwa hiyo milango ni miwili na haina upana sawa. Wa kuingilia mwenye kaveati ni mpana, inatosha kudai maslahi. Wa kuingilia anayetaka kuiondoa ni mwembamba, lazima jina lake liwemo daftarini.

Namfahamu mzee mmoja wa Ngamiani, mmoja kati ya wale wanaoitaja mitaa yao kwa namba za barabara, aliyegonga kichwa kwenye mlango huo mwembamba. Nyumba ilikuwa ya babu yake. Amezaliwa humo, ameibadilisha bati mara mbili, na wapangaji wote wanamlipa yeye. Mtoto wa ami yake aliweka kaveati. Mzee akatafuta wakili, akapeleka maombi na hati ya kiapo yenye kurasa nyingi za historia ya ukoo. Upande wa pili haukubishana na historia hata moja. Ulileta pingamizi la mstari mmoja: mleta maombi si mmiliki, hati ina jina la marehemu. Maombi yakaondolewa na gharama juu yake. Alipotoka alisema wameonewa na sheria ya wakoloni, na nilimwelewa, ila sikukubaliana naye.

Sikukubaliana naye kwa sababu ya kazi ya daftari lenyewe. Usajili wa ardhi ulibuniwa ili mgeni kutoka Mwanza au Mombasa, asiyemjua mtu hata mmoja Tanga, aweze kufungua ukurasa mmoja na kujua anunue kwa nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kama walikuwa na Msajili wa Hati akilini, lakini methali imemkaa sawasawa. Kama mahakama itaondoa kaveati kwa ombi la mtu ambaye daftari halimjui, itakuwa imefungua njia kwa mtu huyo kuuza kitu ambacho daftari linasema ni cha mwingine. Fikiria mpangaji mjanja, au ndugu mmoja kati ya tisa, anayekwenda peke yake mahakamani na kusema ondoeni kaveati ya dada yangu kwenye nyumba yangu. Bila swali la kwanza la umiliki, hakuna kinachomtofautisha na mwenye haki. Wote wana funguo, na wote wana hadithi.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba mizani imepinda: mtu mmoja anajaza fomu na kunifungia mali, mimi nabeba mzigo wa kuthibitisha. Hapa inafaa kukumbuka kaveati inamlinda nani. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuiuza, kuigawa, kuikodisha au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinasema waziwazi kwamba huyo mwenzake anahesabiwa kuwa na maslahi yanayoweza kulindwa kwa kaveati. Mwanamke ambaye jina lake haliko kwenye hati, ambaye mumewe ameshachukua malipo ya awali kwa mnunuzi, hana wiki tatu za kutafuta wakili na mashahidi. Ana siku moja ya kufika dirisha la Msajili. Mlango wa kuweka kaveati ukiwa mwembamba kama ule wa kuiondoa, yeye ndiye wa kwanza kubaki nje. Kwa hiyo mizani imepinda, ndiyo, na kuna sababu.

Ya pili naiona na uzito zaidi, nayo ni gharama. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, ambayo mtu wa kawaida anayajua na kuyafikia, yana uwezo wa kusikiliza mashauri ya kudai nyumba na viwanja yenye thamani inayofika shilingi milioni 300. Lakini mwenye nyumba ya milioni themanini Makorora akitaka kaveati iondolewe, sheria inaitaja Mahakama Kuu. Wapo wanaokwenda Barazani kwanza, wanapoteza miezi, kisha wanaambiwa wamekosea mlango. Tanga tuna bahati, Mahakama Kuu iko mjini. Mwenye kiwanja Lushoto au Kilindi ana safari ndefu zaidi. Bunge likitaka kulirekebisha hili nitaliunga mkono bila kusita, maana kazi ya kumwita mtu ajieleze haihitaji kupanda ngazi zote hizo.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa na ndiyo dhaifu kuliko zote: nimekaa miaka arobaini, kodi ya ardhi nalipa mimi, mwenyekiti wa mtaa na majirani wote ni mashahidi. Kila kipande cha sentensi hiyo kinaweza kuwa kweli na bado kisikufikishe popote kwenye maombi haya. Risiti ya kodi ya pango la ardhi inaonyesha kwamba serikali imepata fedha yake. Haionyeshi kwamba aliyetoa fedha ndiye mwenye ardhi, na watoto wangapi mjini hapa wanawalipia wazazi wao? Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inathibitisha ukaazi, na mpangaji naye ni mkaazi. Muda mrefu una nguvu yake mahali pake. Sheria ya Ukomo inaweka miaka 12 kwa madai ya kurejeshewa ardhi, na aliyekaa zaidi ya hapo anaweza kuutumia ukomo huo kama ngao akishtakiwa. Lakini hiyo ni hoja ya kutetewa ndani ya shauri la msingi, kwa ushahidi na maswali ya dodoso, mbele ya huyo ambaye hati ina jina lake au warithi wake. Kuipeleka kwenye maombi ya kuondoa kaveati ni kuiomba mahakama iamue jambo kubwa kwa njia ya mkato, tena kwa viapo vya karatasi. Na kuna kejeli hapa: mtu anayetegemea miaka yake arobaini dhidi ya jina lililoko daftarini ni mtu anayedai maslahi yasiyosajiliwa. Yaani yuko kundi moja na mweka kaveati anayemlaani.

Mnunuzi naye yuko hapo hapo, na hili huwashangaza wengi. Umelipa bei yote, una mkataba uliosainiwa mbele ya wakili, una picha za makabidhiano. Uhamisho haujasajiliwa. Kifungu cha 41 cha Sura ya 334 kinasema uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa hauwi na nguvu ya kuhamisha haki mpaka usajiliwe. Mpaka siku hiyo muuzaji ndiye mmiliki machoni pa Msajili, na wewe una mkataba unaoweza kumshtaki nao. Ukikuta kaveati ya mtu mwingine, anayepaswa kuomba iondolewe ni muuzaji, na ukiwa na akili ulipaswa kuwa umeweka ya kwako mapema. Wanunuzi wengi huiogopa kaveati kama ugonjwa wakati wao ndio walioandaliwa dawa hiyo.

Vipi anayeshika hati yenye jina lake? Huyo ana mwanzo mzuri. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Namba 35 ya mwaka 2019, ilieleza kwamba watu wawili wakigombea ardhi, mwenye hati atachukuliwa kuwa ndiye mmiliki halali isipokuwa ithibitike kwamba hati hiyo ilipatikana isivyo halali. Hata hivyo karatasi mkononi si daftari. Ninachowashauri watu ni kuanza na upekuzi rasmi wa karibuni na kuuambatisha kwenye kiapo pamoja na nakala ya hati, kwa sababu hati iliyotoka miaka ya themanini haisimulii yaliyotokea daftarini baadaye: rehani ambayo haikufutwa, uhamisho ulioanza ukaachwa, kiwanja kilichopimwa upya na kupewa namba nyingine. Tanga ina hati za tangu wakati wa umiliki huru uliobadilishwa kuwa upangaji wa serikali mwaka 1963, kisha ukageuzwa kuwa haki ya umiliki kwa sheria ya mwaka 1969, na familia nyingine bado zinatembea na karatasi ya enzi ya mwanzo kabisa. Angalia muda pia. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1985 iliisha 2018, na wakili wa upande wa pili anajua kujumlisha. Angalia na jina: hati inasema Mohamedi bin fulani, kitambulisho cha NIDA kinasema Muhammad na jina la ukoo ambalo babu hakuwahi kulitumia. Kiapo cha kuoanisha majina ni kazi ya asubuhi moja, lakini kukikosa kunaweza kukugharimu mwaka.

Ila pwani yetu tatizo kubwa ni wafu. Nyumba nyingi za zamani Ngamiani zimesajiliwa kwa majina ya watu waliokwisha kutangulia, na warithi wanaishi humo kwa maelewano, nani anachukua kodi ya chumba cha mbele, nani analala uani. Maelewano hayo yanatosha mpaka fedha ije. Kaveati ikiwekwa, kila mrithi anajiona mmiliki, na kwa mirathi ni kweli ana fungu lake, lakini daftari halina ukurasa wa mafungu ya moyoni. Njia imewekwa na kifungu cha 67: mwakilishi wa marehemu, akipeleka kwa Msajili nakala ya uteuzi wake kutoka mahakamani, ana haki ya kusajiliwa kuwa mmiliki mahali pa marehemu. Kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila hilo huanzia Mahakama ya Mwanzo, na karatasi ya uteuzi ni ile watu wanayoiita fomu namba nne. Kosa linalorudiwa ni kuishia hapo. Mtu anapata fomu namba nne, anaifanyia lamineti, na kuingia nayo Mahakama Kuu kuomba kaveati iondolewe. Fomu inakupa sifa ya kwenda kwa Msajili. Inayokufanya mmiliki kwa maana ya Sura ya 334 ni hatua ya pili, jina lako kuandikwa kwa wadhifa wako wa msimamizi. Atakayesema huu ni urasimu mtupu akumbuke kwamba hatua hiyo ndiyo inayomlazimisha msimamizi ajulikane, na anayejulikana anaweza kudaiwa na wenziwe.

Wenye mashamba ya vijiji vya Muheza na Mkinga yasiyosajiliwa kwa Msajili wa Hati hawahusiki na haya yote. Barua ya malalamiko iliyopelekwa ofisi ya kata si kaveati, na Baraza la Kata tangu mwaka 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha tu.

Ukishavuka swali la kwanza, upepo unageuka, na hapa ndipo ile nusu ya ukweli ya kijiweni inapopata nafasi yake. Mweka kaveati sasa ndiye anayejieleza: maslahi gani, katika ardhi hii, yametokana na nini? Fundi anayedai ujira wake ana deni, hana ardhi. Rafiki aliyekopesha fedha bila rehani yuko vilevile. Ndugu anayesema "ni ya ukoo" bila mirathi wala kesi atapata taabu kueleza kwa nini amekaa na kaveati bila kufungua shauri. Lakini akileta mkataba wa kununua, au cheti cha ndoa, au madai ya maana kwamba hati ilipatikana kwa hila, usitegemee jaji ayamalize kwa viapo. Atawaelekeza kwenye shauri la msingi, ambako daftari lenyewe linaweza kuamriwa lirekebishwe, na kaveati itasubiri huko.

Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za ardhi utamaliza migogoro hii. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, toleo la 2023, ilizinduliwa Machi 2025, na kasi ya kuhamishia majalada kwenye kompyuta ni ya kupongezwa. Ila kompyuta itakujibu kwa sekunde tano kwamba mmiliki ni mtu aliyezikwa zamani. Kazi iliyobaki haiko kwenye mtambo, iko kwenye mirathi ambazo hazikufunguliwa. Kliniki za ardhi zinazofanywa na wizara zingekaa meza moja na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na Mahakama ya Mwanzo, mwenye hati ya marehemu akapita kwa wote watatu siku moja, pingamizi za mstari mmoja zingepungua sana. Na watunga sheria wangeweza kutazama jirani: Kenya, kwa sheria yao ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012, chombo wanachokiita tahadhari kinaweza kuombewa kuondolewa na mtu yeyote mwenye maslahi, na msajili mwenyewe anaweza kumpa aliyeiweka notisi. Sisemi tuige lote. Kumruhusu msimamizi mwenye uteuzi wa mahakama aombe kabla hajasajiliwa kungetosha, na hakungeliharibu daftari.

Yule mzee wa Ngamiani nilimkuta wiki iliyopita amekaa kivulini karibu na Mahakama ya Mwanzo na bahasha ya kaki. Kikao cha ukoo kimefanyika, mtoto wa ami yake alihudhuria na kusaini muhtasari bila neno. Sasa anatakiwa cheti cha kifo cha babu, aliyefariki mwaka 1974 na kuzikwa alasiri ileile bila mtu yeyote kufikiria cheti. Wanamtaka alete watu wawili wanaokikumbuka kifo hicho. Mmoja amempata. Wa pili yuko Pangani, na kumbukumbu zake, anasema, zinakuja asubuhi tu.